Naenda India Desemba hadi Januari, nataka kusikiliza na kujifunza muziki wa klasiki wa Kihindi, nianzie wapi?

kinanda_tanga

Habari za humu wakuu, heshima kwa wakubwa.

Mdogo wangu anasoma Pune, mwaka huu nimejaliwa likizo ndefu naenda kumtembelea, nitakuwa huko kuanzia mwanzo wa Desemba mpaka mwisho wa Januari. Mimi napiga kinanda kwenye kikundi cha taarab huku Tanga, nyimbo za filamu za Kihindi tumezikuta kwa wazee wetu na tunazipiga maharusini mpaka leo, ila ninachotafuta safari hii sio filamu. Nataka ule muziki wao wa kukaa chini, mtu anashika neno moja analizungusha nusu saa nzima na ngoma za tabla zinamfuata taratibu. Nimekuwa nausikiliza YouTube usiku, kuna wakati mwili unanisisimka alafu kuna wakati napotea kabisa, wasikilizaji wanatikisa vichwa wanasema wah wah mahali ambapo mimi sijasikia kitu.

Sasa naomba msaada kwa waliowahi kukaa India. Wapi nitasikia laivu bila kufilisika, je mtu wa muda mfupi kama mimi anaweza kupata mwalimu wa kweli au nitaishia kwa wale wa kupiga hela za watalii, na chombo gani nianze nacho. Mdogo wangu anasema twende Varanasi, kuna mwingine kaniambia Chennai ndio kwenyewe. Nauli ya treni tutajibana, ila sitaki likizo yote iishie njiani.

bongo_pune

Mkuu una bahati, unafikia mahali penyewe. Pune kuna tamasha la Sawai Gandharva Bhimsen kila Desemba, siku kadhaa mfululizo kwenye uwanja uliopigwa maturubai. Bhimsen Joshi ndiye aliyelianzisha mwaka 1953 kumuenzi mwalimu wake Sawai Gandharva. Kuna makochi na viti vya bei, lakini wewe kata tiketi ya kukaa chini, ndio rahisi na ndiko utakutana na wajuzi, wazee wa Kimarathi waliokuja na chakula kutoka nyumbani na hawana haraka ya kuondoka. Hao ndio walimu wako wa kwanza. Ukiuliza kwa adabu wanakueleza mpaka unachoka wewe.

Kuhusu hizo wah wah. Tabla kule inazunguka. Mzunguko una mapigo yake, 16 au 12 au 10, na pigo la kwanza linaitwa sam. Muimbaji anaruhusiwa kuzurura anavyotaka, anapanda anashuka, anachelewa makusudi, lakini kile kipande chake cha wimbo lazima kimrudishe kwenye sam sawasawa na mpiga tabla. Kwenye khayal, ule uimbaji mkuu wa kaskazini, ikiwa ya taratibu mzunguko mmoja wa ektal, yaani mapigo 12, unaweza kukaribia dakika nzima, ndio maana ukiwa YouTube unaona kama hakuna kinachotokea. Kumbe wenzako wanahesabu vidoleni, wanamuona anavyochelewa, yamebaki mapigo matatu, yamebaki mawili, kila mtu kashika pumzi hatawahi huyu, mara anatua palepale. Hapo ndio uwanja mzima unasema wah. Ukishajifunza kuisubiri sam hupotei tena hata kama jina la raga, yaani ule mpangilio wa sauti anaoimbia, hulijui.

Kuna kitu kimoja kinaniuma mimi. Sheria ya kelele imefanya shughuli ifungwe kama saa nne usiku, zamani walikuwa wanakesha. Na raga zina saa zake, Bhairav na Todi za asubuhi, Marwa ya machweo, Yaman baada ya magharibi, Malkauns na Darbari ni za usiku mkubwa. Sasa watu wakitawanywa saa nne hizo za usiku mkubwa zinakosa wakati wake, na Darbari iliyoimbwa saa nane za usiku watu wamenyamaza ni kitu kingine kabisa. Hasara kubwa sana hii.

nipo_kimya

Nafuatilia huu uzi, na mimi nina mpango kama huo.

dada_mikocheni

Kaka pokea ushauri wa dada yako, tamasha la Pune likiisha panda treni shuka Chennai. Mimi nilikuwa Chennai namuuguza mama, asubuhi hospitali, mchana akishalala nabaki nimekaa tu, mama mwenye nyumba tuliyopanga akaniambia usikae na mawazo nenda kasikilize kacheri, yaani maonyesho ya muziki wao. Kumbe ndio ulikuwa msimu wao, wanauita Margazhi, kuanzia katikati ya Desemba mpaka mwanzoni mwa Januari mji mzima unaimba jamani. Kumbi wanaziita sabha, zipo nyingi Mylapore na T. Nagar na pembezoni mwake, yenye jina kubwa ni Music Academy iliyoanza mwaka 1928. Saa za asubuhi na mchana wanaimba vijana na sehemu nyingi unaingia bure, jioni ndio magwiji kwa tiketi. Ratiba inatoka kwenye gazeti la The Hindu, unachagua tu kama vile menyu ya chakula.

Ila ujue huu sio muziki uleule wa Pune. Kaskazini ni Hindustani, kusini ni Karnataki, wana raga wote na tala wote, yaani mizunguko ya mapigo, lakini mpangilio mwingine. Huko kusini nyimbo zimetungwa zamani na watu wanazijua kwa moyo, nyingi za Tyagaraja aliyefariki 1847, lugha ni Kitelugu hata kama waimbaji na wasikilizaji ni Watamil. Anayemsindikiza muimbaji ni fidla, FIDLA kaka, ile ile ya kwenye taarab yenu, ila mpigaji anakaa chini kichwa cha fidla kakiegemeza kwenye mguu na kila muimbaji anachobuni yeye anakirudia nyuma yake muda ule ule. Ngoma ni mridangam, na pembeni unaweza kumkuta mtu anapiga chungu cha udongo, ghatam, mdomo wa chungu kauelekeza kwenye tumbo lake.

Siku moja nilikaa mstari wa mbele nikamwangalia mpiga mridangam anavyojiandaa. Ametoa kopo dogo lina semolina, anaikanda na maji kwenye kiganja mpaka inakuwa donge laini, anaibandika katikati ya ngozi ya upande wa kushoto, anapiga, anasikiliza, anamega kidogo anatupa, anapiga tena, mpaka ule upande ukatoa sauti nzito yenye kunguruma. Kisha akageuza upande wa kulia akaanza kugonga ukingo kwa jiwe kulinganisha sauti na tambura, kile chombo cha nyuzi kinachoshikilia sauti ya msingi muda wote. Nilimaliza kumtazama nikajua hawa watu hawafanyi mchezo.

Tala yao ya kawaida ni adi, mapigo 8, na unaihesabu kwa mkono kwenye paja kama wanavyofanya wale kina mama wa sare za hariri na maua ya yasmini kichwani: kofi, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, alafu kofi, geuza kiganja, kofi, geuza kiganja. Basi. Fanya hivyo kuanzia wimbo unaanza mpaka unaisha, na jirani yako akiona mkono wako unaenda sawa atakutazama usoni atatabasamu na kuanzia hapo una mwenyeji.

Kingine usikose kantini za sabha, watu wanatoka mitaa ya mbali kufuata kula tu, dosa, vada, kahawa yao ya maziwa yenye povu. Lakini tafadhali usitoke wakati wa tani avartanam, hapo ndipo wapiga ngoma wanaachiwa jukwaa peke yao na ndio muda ambao watu wengi wanakimbilia kantini, wale wapigaji wamesubiri jioni nzima kwa ajili ya hiyo nafasi. Mimi naona sio heshima.

treni_na_begi

Wakuu naona mnamfungia kijana kusini. Varanasi asiikose, mji wa Ravi Shankar aliyezaliwa kule 1920, mji wa Bismillah Khan na zumari yake ya shehnai, alfajiri pale Assi Ghat kuna ratiba ya muziki kila siku jua linachomoza juu ya Ganga. Alafu Januari Kolkata kuna Dover Lane, tamasha la tangu 1952, wanakesha usiku kucha, hapo ndio atasikia hizo Darbari bongo_pune anazolilia. Mimi ningefanya Pune, Delhi, Gwalior kwenye kaburi la Tansen, mwanamuziki wao mashuhuri wa kale, maana na wao wana tamasha Desemba, Varanasi, Kolkata, nimalizie Chennai. India ni ya kuzunguka ndugu zangu.

bongo_pune

treni_na_begi nakuheshimu ila hapo kwa muda wake sikubaliani. Varanasi kwa muziki mambo makubwa mawili, Dhrupad Mela, tamasha la uimbaji wa kale wa dhrupad, inafanyika karibu na sikukuu ya Shivaratri, Februari au Machi, na Sankat Mochan, ule mkesha wa hekaluni wa tangu 1923 usio na kiingilio, ni Aprili. Yeye mwisho wa Januari anageuza. Januari yenyewe ukanda ule una ukungu, treni zinachelewa mpaka masaa hayahesabiki, atakaa stesheni amejifunika blanketi badala ya kuwa ukumbini. Dover Lane sawa, hiyo namuunga mkono, kama ana nauli ya kwenda mbali hivyo.

Na Bhimsen Joshi huyohuyo, alitoroka kwao Gadag mwaka 1933 akiwa na miaka 11 kutafuta mwalimu, akadandia treni hana tiketi, akafika Gwalior, akaenda mpaka Jalandhar ambako baba yake alimkuta akamrudisha nyumbani. Mwalimu aliyekuja kumfunza, Sawai Gandharva, alikuwa anakaa Kundgol, sio mbali na kwao. Ndio maana nasema kinanda_tanga achague mji mmoja wa kusikiliza na kujifunza, akae.

baraza_mvita

Asalaam aleikum vijana wangu. Mie ni wa Mombasa, tabla nimeipiga tangu utotoni kwenye taarab za hapa kwetu. Kijana wa Tanga, usende huko kama mgeni kabisa, muziki huu na sisi tunajuana. Siti binti Saad mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri zake. Juma Bhalo wetu, Mungu amrehemu, alitufariki 2014, yeye na kinanda cha mkono na tabla aliimba sauti za Kihindi kwa mashairi ya Kiswahili mpaka Wahindi wa mjini wakija kusikiza. Kwa hivyo sikio unalo tayari, lililobaki ni kulitia utaratibu.

Huo utaratibu wauanzie mkononi kabla hujapanda ndege. Tintal, mapigo 16, mafungu manne ya manne:

Dha Dhin Dhin Dha
Dha Dhin Dhin Dha
Dha Tin Tin Ta
Ta Dhin Dhin Dha

Piga kofi pigo la 1, la 5 na la 13. La 9 usipige, punga mkono upande, hilo laitwa khali. Sikiza pale kwenye khali ile besi ya mkono wa kushoto inapotea, Dhin inageuka Tin, ngoma inakuwa nyepesi, alafu karibu na mwisho uzito unarudi. Hiyo ndiyo alama yako. Ukizama kwenye kuimba ukasahau hesabu, ngoja wepesi ule uje, ujue sam iko kama nusu mzunguko mbele. Yasome kwa mdomo ukitembea, ukioga, ukisubiri daladala, na kila siku sikiza kanda moja ya Zakir Hussain, aliyetutoka Desemba 2024, au babake Alla Rakha aliyekuwa akimpigia Ravi Shankar. Usisikize kumi. Sikiza moja mpaka uijue inapokwenda.

Na jambo la adabu. Kwetu muimbaji akikukuna wainuka ukamtunza, wamvisha noti mbele za watu. Kule hapana. Kaa pako, sema wah au kya baat hai kwa sauti ya chini, yatosha. Viatu vua kabla hujakanyaga zulia, miguu usimuelekeze mpigaji, na chombo cha mtu usikiruke hata kama kimelazwa njiani. Ukikutana na mwalimu mkubwa watu wainama kumgusa miguu, wewe Muislamu au Mkristo si lazima ufanye hivyo, unganisha viganja inamisha kichwa, ataelewa.

kinanda_tanga

Mzee wangu baraza_mvita shikamoo, na wote ahsanteni sana. Dada pole kwa kumuuguza mama na ahsante kwa hayo ya fidla, hapo umenimaliza kabisa. Nimejaribu tintal tangu jana, lile la khali nimelisikia kwa masikio yangu kwenye rekodi ambayo nimeisikiliza muda mrefu sikuwahi kugundua, nimerudia rudia mpaka usiku.

Kwa hiyo Varanasi naiacha, ni Pune alafu Chennai. Sasa mwalimu. Na je niendelee na kinanda changu au nishike kitu kingine? Na viza ya utalii inaruhusu kujifunza?

tabla_dar

Naweza kukusaidia hapo maana nimesoma tabla huko na sasa nafundisha kidogo hapa Dar.

Viza kwanza. Viza ya utalii ya mtandaoni inaruhusu kozi fupi za muziki zisizo rasmi, isizidi miezi 6 na isiwe ya kutoa cheti. Mwalimu wa nyumbani kwake yuko ndani ya hapo. Siku ukitaka kusoma rasmi miaka kadhaa, serikali ya India kupitia ICCR, baraza lake la uhusiano wa kitamaduni, inatoa skolashipu za muziki na ngoma kwa wageni, hiyo ni njia nyingine na viza nyingine.

Mwalimu usimtafute mtandaoni ukiwa Tanga. Nenda kwenye maonyesho ya bure ya mchana, ukimpenda mpigaji kijana subiri amalize, mfuate muulize anasoma kwa nani na kama yeye au mwalimu wake anapokea mwanafunzi wa mwezi mmoja. Wengi wa hao vijana wanafundisha na bei zao ni za kibinadamu. Anayekukamata barabarani kwenye maeneo ya watalii anakuahidi utapiga sitar kwa wiki moja, muage kwa heshima uende zako. Mwalimu wa kweli utamjua kwa sababu atakuchosha. Atakupa msitari mmoja wa sauti nne na kesho yake ataomba uleule, na kesho kutwa uleule, taratibu zaidi. Chennai watakuanzisha na sarali varisai, mazoezi ya kupanda na kushuka kwenye raga Mayamalavagowla, na kila mtoto wa kule ameanzia hapo hapo, kwa hiyo usijione umedharauliwa.

Chombo. Kwa mwezi mmoja mimi nakwambia KUIMBA. Najua wewe ni mpigaji lakini huko hata wapiga vyombo wanafundishwa kwa kuimba kwanza, na sababu ipo, uhai wa raga uko kwenye zile sauti za kati, sauti inateleza kutoka hapa kwenda pale, inatetemeka kabla ya kutua. Kinanda hakiwezi kuteleza, kina hatua zake basi. Ndio sababu redio ya taifa ya India iliipiga marufuku harmoniamu, yaani kinanda cha mkono, mwaka 1940 na haikuiruhusu tena mpaka miaka ya 70 mwanzoni. Leo inasindikiza waimbaji wengi wa khayal na mimi naipenda, ila kama chombo cha kujifunzia raga itakuzoesha vibaya. Kiache nyumbani. Pakua apu ya tanpura (ndiyo ile tambura ya dada) kwenye simu, weka Sa, yaani sauti ya kwanza ya skeli, inayokufaa wewe, kaa nayo asubuhi ushikilie Sa moja tu mpaka sauti yako na ya tanpura usiweze kuzitofautisha. Inachosha mwanzoni, baada ya muda ndio sehemu ya siku unayoingoja.

Raga ya kuanzia nenda na Bhupali, sauti tano tu, Sa Re Ga Pa Dha. Kwenye kinanda chako ukianzia C ni C D E G A, hakuna nyeusi hata moja. Na uzuri wake kusini ipo hiyohiyo inaitwa Mohanam, kwa hiyo ulichosikia Pune utakikuta Chennai kimevaa nguo nyingine, sikiliza zote mbili na hapo utaelewa tofauti ya kaskazini na kusini kuliko maelezo yoyote. Yaman iwe ya pili, ni skeli ya C ila F tu inakuwa kali (F#), lakini inapopanda huwa inaikwepa Sa na Pa, inatoka Ni inaenda Re. Ukipiga skeli yote iliyonyooka utakuwa umepiga sauti za Yaman bila Yaman yenyewe.

Kununua usikimbilie. Sitar tumbo lake ni kibuyu kikavu, ndani ya ndege bila kasha gumu kitapasuka. Kama lazima, Miraj ndio mji wa mafundi wa sitar na tanpura na treni kutoka Pune inafika, hata kama hununui nenda kaone wanavyochagua vibuyu. Tabla ni nzito na ngozi zake na unyevu wa pwani yetu hawapatani, utahitaji fundi na huku ni wachache. Filimbi ya bansuri haina shida, inaingia kwenye begi. Na kabla ya safari ukipita Dar ulizia kituo cha utamaduni cha ubalozi wa India, Swami Vivekananda, wamekuwa na madarasa ya tabla, uone kama lipo kwa sasa.

dada_mikocheni

tabla_dar umesema vizuri sana. Naongeza moja tu, kinanda_tanga msimu wa Chennai ukiisha usiondoke haraka. Januari kuna Thiruvaiyaru, mji mdogo kando ya mto Kaveri karibu na Thanjavur alikozikwa Tyagaraja, tarehe inabadilika kila mwaka kwa kalenda yao. Waimbaji mamia wanakaa chini kwa mistari, magwiji na wasiojulikana, wanaimba pamoja zile nyimbo zake tano kubwa. Kiingilio hakuna. Zote tano ziko kwenye adi tala, kwa hiyo mkono wako utakuwa umeshazoea.

kinanda_tanga

Duh, hiyo naenda hata kwa basi la usiku. Mdogo wangu nishamtumia huu uzi asome, anasema tiketi za treni zinafunguliwa siku 60 kabla na za Desemba zinaisha haraka, kwa hiyo Pune kwenda Chennai anakata siku ileile zikifunguliwa. Swali la mwisho kwa dada, Mylapore vyumba vya kupanga wiki kadhaa vinapatikana au nitafute mbali kidogo na kumbi?

dada_mikocheni

Vinapatikana ila msimu huo vinajaa, Wahindi wa Marekani wanarudi kwa ajili ya kacheri. Tafuta upande wa Royapettah au Triplicane, Triplicane kuna hoteli za bei nafuu na misikiti na chakula cha kila aina, mabasi ya kwenda Mylapore ni ya karibu. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze mtaa tuliokaa sisi.